Kuchagua kamba na vifaa vya kupandia mti, kwa anayeifanya kuwa kazi

Pwani, mkwezi wa minazi hana haja ya duka la vifaa. Anachonga vidato kwenye shina, anaweka wayo, anapanda. Neno hilohilo tulikutana nalo shuleni, kidato cha kwanza, cha pili, na wengi hatukuwahi kuuliza limetoka wapi. Ila mkwezi anafuata madafu na kushuka. Anayekata miti kwa malipo anakwenda kukaa juu saa tatu, chenso ikinguruma mkononi, kwenye mwembe uliolalia bati za watu au mkaratusi uliokauka nusu. Huyo anaishi kwa kamba.

Nimeifanya kazi hii Arusha kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona kwa vijana si kununua vitu vibovu tu. Wananunua kitu kimoja kimoja. Mwezi huu kamba, mwezi ujao mkanda, karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, wamepewa na shemeji. Kila kimoja peke yake kizuri, vikikutana havielewani. Kamba nene haipiti kwenye kifaa, kamba laini haishikwi na fundo, karabina inalala upande kwenye pete ya mkanda. Vifaa vya kupandia hununuliwa kwa jozi, na unapokagua dukani, kagua pale kitu kimoja kinapogusa kingine. Huko ndiko vinakofia.

Hatua ya 1: Amua utapandaje

Mitindo ni miwili. Katika wa kwanza, kamba inapita juu ya panda ya tawi na kurudi kwako. Ncha moja imefungwa kwenye mkanda wako, upande wa pili unaudhibiti kwa fundo la kubana, yaani linaloshika kamba ukilikalia na kuteleza ukilisogeza kwa mkono, na kamba inatembea pamoja nawe. Katika wa pili, kamba imefungwa na kutulia, wewe ndiye unayeipanda kwa vifaa vya kubana, kimoja kiunoni na kingine mguuni.

Anayeanza aanze na wa kwanza. Vifaa vyake ni vichache, na uzito wako unagawanyika kwenye pande mbili za kamba. Hasara yake ni kwamba unakula kamba maradufu. Ukipitisha kamba kwenye panda iliyo mita 20 juu, unahitaji mita 40, kisha ziada ya kufunga mafundo na kutembea hadi ncha za matawi. Kwa miti ya uani, mijakaranda, miembe na migrivea, kamba ya mita 45 inatosha kazi nyingi. Kwa mikaratusi mirefu nunua ya mita 60. Na kabla hujapanda, piga fundo nene kwenye ncha ya chini ya kamba, ili ukikosea hesabu usishuke ukapitiliza mwisho wake.

Hatua ya 2: Kamba yenyewe

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba kamba imara, utapewa "manila". Jina limebaki tu. Manila ya kweli ilikuwa nyuzi za mmea, na hii ya leo mara nyingi ni plastiki iliyosokotwa. Inafunga mizigo kwenye lori vizuri kabisa. Kwa uhai wa mtu haifai, haidhuru unene wake. Inateleza ikiwa mpya, inachomachoma ikizeeka, jua linaila, na joto la msuguano linaiyeyusha mapema.

Ipo njia rahisi ya kuitambua. Omba kipande cha sentimita tano, kitumbukize kwenye ndoo ya maji na ukikamue ili hewa itoke. Nailoni na poliesta huzama. Polipropilini, ile plastiki ya dukani, huelea. Kikielea, rudisha kipande, shukuru, ondoka.

Kamba ya kupandia mti ina nyuzi za ndani, yaani kiini, na ala iliyosukwa kuzifunika, kwa mfano kwa nyuzi 16 au 24. Nyingi siku hizi zina ala ya poliesta, na sababu ninaijua kwa mikono yangu: nailoni hunywa maji, na ikilowa nguvu yake hupungua na mnyumbuko huongezeka. Masika ya Arusha hayakusubiri ukauke. Nailoni pia huogopa asidi, na wengi wetu tunabeba kamba nyuma ya pikapu, jirani na betri.

Sasa namba. Nguvu ya vifaa hivi huandikwa kwa kilonewtoni, kN, na kN 1 ni kama uzito wa kilo 100. Kamba iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya EN 1891, daraja A, haikatiki chini ya kN 22, yaani takriban kilo 2,200. Kanuni za Marekani za kazi ya miti, Z133, zinataka kamba ya nusu inchi, milimita 12.7, yenye nguvu ya ratili 5,400, karibu kilo 2,450. Usione ni nyingi kwa mtu wa kilo 80. Fundo lolote huiba nguvu, mengine theluthi, mengine hadi nusu. Kupinda kwenye ukingo mkali huiba. Jua na mchanga huiba kila siku. Kinachobaki ndicho chako.

Kamba ya EN 1891 ina siri moja ambayo muuza bandia mara nyingi huisahau. Ndani yake, kwa urefu wote, kuna utepe mwembamba wenye jina la mtengenezaji, kiwango, daraja na mwaka wa kutengenezwa. Muombe muuzaji akuoneshe ncha iliyokatwa, usogeze ala nyuma kidogo, utafute utepe. Usipokuwepo, lebo ya nje ni karatasi tu.

Kwa unene, chagua kati ya milimita 11.5 na 13. Ya milimita 11 ni nyepesi na wazoefu wanaipenda, lakini kiganja kinachoka kuishika, na siku nzima ni ndefu. Rangi nayo si urembo. Chukua inayopiga kelele, chungwa au njano kali, usije ukaikata kwa msumeno ukidhani ni tawi la kijani.

Neno kwa wenzangu wa Moshi na Nanyuki, mlio karibu na wapanda milima. Kamba ya mlimani ikiuzwa mtumba huwa inavutia, nzuri, laini, yenye jina kubwa. Tazama lebo yake. Ikiwa EN 892, hiyo imetengenezwa inyumbulike ili impokee mtu anayeanguka mwambani. Kiwango chake kinairuhusu kuvutika hadi asilimia 10 chini ya kilo 80; yetu ya EN 1891 haitakiwi kuzidi asilimia 5. Ning'inia kwenye mita 20 za kamba ya namna hiyo na chenso mkononi, uone utakavyopanda na kushuka kama ndoo kisimani. Halafu ni mtumba: hujui ilimwangukia nani. Kamba ya uhai haina mtumba.

Kamba yetu nayo ina sharti lake. Kwa kuwa hainyumbuki sana, haisamehi kuanguka. Usipande juu kuliko ilipofungwa, na usiiache ilegee. Ikilegea nusu mita, acha msumeno, ikaze kwanza.

Hatua ya 3: Kinachoishika kamba

Hapa ndipo nilipochezea roho yangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na kamba nzuri ya poliesta, niliyoipata kwa tabu. Kamba ndogo ya fundo la kubana sikuwa nayo, nikakata kipande cha ile plastiki ya dukani, milimita 8, buluu ya kupendeza. Nikafunga fundo, likashika, nikafanya nalo kazi wiki mbili. Siku ya tatu ya wiki iliyofuata, kwenye mjakaranda, mvua ikaanza, nikashuka kwa haraka kama mita 12 bila kusimama. Katikati ya njia nilisikia harufu ya kibakuli cha plastiki kilichosogezwa karibu na makaa. Nilipofika chini fundo halikufunguka. Mizunguko miwili ilikuwa imeyeyuka na kushikana, ngumu, inang'aa kama kucha iliyopakwa rangi. Nililikata kwa kisu. Ndani zilibaki nyuzi chache za kuhesabika.

Plastiki ile huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi. Poliesta huvumilia hadi karibu 250. Nyuzi za aramidi, jamii ya zile za fulana za kuzuia risasi, haziyeyuki kabisa. Huungua tu kwa joto la juu sana. Ndiyo maana kamba ndogo nzuri za kubana zina ala yenye aramidi, mara nyingi ya rangi ya dhahabu iliyofifia. Adui wa aramidi ni jua, basi usiziache zikining'inia kwenye kioo cha gari kama pambo.

Kanuni ya jozi ni hii: kamba ndogo iwe nyembamba kuliko kubwa. Ya milimita 8 kwa kamba ya 11 hadi 12, ya 10 kwa kamba ya 12.7 au 13. Ikiwa nyembamba mno inabana hadi haiachii. Ikiwa nene mno inateleza kwanza, inashika baadaye, na "baadaye" ni neno baya ukiwa juu. Nunua zenye macho yaliyoshonwa kiwandani pande zote mbili. Fundo la Prusik, alilolieneza Karl Prusik wa Austria mwaka 1931, linafundisha mkono, lakini kwa kazi ya siku nzima linabana mno. Wengi huanza na fundo la Blake, linalofungwa kwa mkia wa kamba hiyohiyo bila kamba ya pili, kisha huhamia mafundo ya kusuka.

Vipo pia vifaa vya chuma vya kufanya kazi ya fundo. Vinashusha vizuri na havichoki. Lakini kila kimoja kimechongwa kwa unene wake: Zigzag ya Petzl, kwa mfano, inataka kamba ya milimita 11.5 hadi 13. Kamba yako ikiwa 11, hicho si kifaa chako hata kikiuzwa nusu bei.

Vyovyote utakavyochagua, funga kwenye tawi la chini, mita moja kutoka ardhini, ukae. Ruka. Achia, shuka, simama. Kisha mwagia kamba maji urudie. Fundo lililoshika juzi kwenye kamba kavu laweza kukataa leo kwenye kamba mbichi.

Hatua ya 4: Mkanda

Mkanda wa mafundi wa ujenzi, ule wenye pete mgongoni, unaitwa wa kuzuia kuanguka, EN 361. Umetengenezwa kumdaka mtu akidondoka, basi. Ukikalia huo juu ya mti utaning'inia kama kanzu kwenye kamba ya kuanikia, na mapaja yatakufa ganzi kabla hujakata tawi la tatu.

Unachotaka ni mkanda wa kukalia, EN 813, wenye pia pete mbili za nyongani za kujishikiza kwenye shina, EN 358. Mbele yake kuna kipande kifupi cha kamba kinachounganisha pande mbili, na pete inatembea juu yake, tunakiita daraja. Hakikisha daraja linabadilika bila kushona mkanda upya, maana ndilo linaloisha kwanza. Mimi hubadilisha kila mwaka, hata likionekana zima.

Usilipe kabla ya kuning'inia. Muuzaji asiye na boriti ya kukuning'iniza robo saa hajawahi kuuzia wakata miti. Vaa na suruali ya kazi, weka msumeno wa mkono ubavuni, kaa, geuka kushoto, geuka kulia. Kinachouma kidogo dukani kitakuliza saa sita mchana.

Hatua ya 5: Karabina

Karabina ya skrubu, ile unayoizungusha kufunga, iache kwa kazi nyingine. Kamba ikisugua skrubu kwa saa mbili inaweza kuifungua taratibu, na wewe umeelekeza macho kwenye mnyororo wa chenso. Tumia inayojifunga yenyewe na inayohitaji miondoko mitatu kufunguka: inua, zungusha, sukuma.

Soma ubavuni. Utaona namba tatu. Ya urefu wake, mathalani kN 24. Ya upande, labda 7. Ya mlango ukiwa wazi, nayo 7 au karibu yake. Kumbe karabina iliyolala upande imepoteza zaidi ya theluthi mbili za nguvu zake. Ndiyo sababu ya kuijaribu na pete ya mkanda uleule utakaouvaa: iachie, itikise, uone inajiweka wima au inajilaza. Tafuta pia CE, alama ya kukidhi masharti ya Ulaya, ikifuatiwa na tarakimu nne za taasisi inayosimamia ukaguzi. Nimewahi kuuziwa karabina yenye CE peke yake na maandishi ya kupakwa rangi. Nilipoikwangua kwa ukucha, "kN" ilibaki kwenye kucha. Ya kweli huchongwa kwenye chuma.

Hatua ya 6: Kamba fupi ya kiunoni

Hii inazunguka shina na kurudi nyongani. Ukiwasha chenso juu ya mti, lazima uwe umejishikiza mara mbili: kwa kamba kuu na kwa hii. Iko ya nguo tupu na iko yenye waya wa chuma ndani. Yenye waya huchelewesha mnyororo, haiuzuii. Msumeno unaozunguka unaikata pia, kamba imekupa tu nafasi ya kushtuka. Wengi hawakumbuki upande wa pili: waya ni njia ya umeme. Mti ukiwa karibu na nyaya, hakuna kamba ya kukukinga, yenye waya wala isiyo nayo, hasa ikiwa imelowa. Piga simu TANESCO wazime laini kwanza, ndipo upande.

Vyuma vya miguuni vyenye miiba nitavitaja kwa ufupi. Ni vya mti unaoangushwa. Mti unaobaki hai ukiuchoma miiba, unautoboa ngozi inayoulisha, na kila tundu ni mlango wa kuvu.

Hatua ya 7: Pale kamba inapougusa mti

Kamba inayosugua gome inakula gome na gome linaila. Nunua kinga ya tawi: ukanda wenye pete mbili, kubwa na ndogo, unaozungushwa kwenye tawi ili kamba ipite kwenye pete badala ya mbao. Kwenye mfenesi hii si anasa. Utomvu wake ndio ule tuliotegea ndege ulimbo utotoni. Ukiingia kwenye kamba, fundo la kubana linageuka fundo la gundi. Usijaribu kuutoa kwa petroli.

Kupeleka kamba juu, tumia uzi mwembamba wa milimita 2 wenye kifuko cha gramu 300 hivi mwishoni. Rusha kifuko, uzi upite kwenye panda, uvute kamba. Kisha nyote wawili, wewe na wa chini, ning'inieni pamoja kabla ya mmoja kupanda.

Hatua ya 8: Kichwa, miguu, na seti ya pili

Kofia iwe na mkanda wa kidevu usiofunguka kirahisi. Za ujenzi, EN 397, mkanda wake umetengenezwa uachie kwa nguvu ndogo. Za kupandia, EN 12492, hushikilia. Suruali ya kuzuia mnyororo, miwani, kinga ya masikio: nunua, vaa, tuendelee.

Seti ya pili ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Mkanda mwingine na kamba nyingine vikae chini, na awepo anayejua kuvitumia. Aliyejikata juu hana muda wa kusubiri mtu atafute ngazi mtaani. Pakiti ya bandeji kubwa ikae kwenye mkanda wako, si ndani ya gari.

Hatua ya 9: Kamba ya magogo ni nyingine

Kamba ya kushushia matawi, kapi zake na chuma cha kuzungushia kamba chini ya shina vina begi lao. Gogo la kilo 100 likidondoka kidogo tu kabla kamba haijakaza, huvuta mara kadhaa ya uzito wake. Kamba iliyovumilia hayo hata mara moja haibebi tena mtu. Mimi natumia nyeupe kwa magogo na ya chungwa kwa watu, ili hata kijana aliyeanza leo asivichanganye.

Hatua ya 10: Kukagua na kustaafisha

Kila asubuhi pitisha kamba yote kati ya vidole, taratibu, ukiikunja kidogo kila baada ya kiganja. Vidole vinaona kuliko macho. Unatafuta mahali pagumu, mahali palipobonyea, nyuzi zilizokatika, na pale inapojikunja kwa kona badala ya mviringo; hapo kiini kimeumia. Ukiona nyuzi za ndani, imekwisha. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ianike kivulini. Andika kwenye daftari tarehe ya kununua na kila jambo lililoipata. Uingereza, kanuni za LOLER za mwaka 1998 zinataka vifaa vya kubeba watu vikaguliwe na mtaalamu kila miezi 6. Sisi tunafanya hivyo wenyewe kwa wenyewe, wa timu moja akikagua vya timu nyingine, kwa sababu ni rahisi kukihurumia kifaa chako mwenyewe.

Ikistaafu, ikate vipande vya mita mbili siku hiyohiyo. Usiitupe nzima, maana itaokotwa na kupandiwa. Mbuzi wa jirani yangu amefungwa kwa kipande cha kamba yangu ya kwanza ya chungwa, na mtoto wa jirani huyo anatumia kingine kurukia.